Nati ya Nne Nyuma ya Ekzosi

Kila siku akitoka shule, Sisimizi alikuwa na mambo matatu asiyoyakosa. Anavua sare na kuitundika msumarini, anakula kilichofunikwa kwenye sahani, halafu anatimua mbio hadi gereji kwa baba yake, utadhani pikipiki za wateja zitachoka kumsubiri. Jina la Sisimizi alipewa na bibi yake, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hakuna siku aliyoonekana akipita mikono mitupu. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili tu, lakini spana namba kumi na nne aliijua kwa kuishika, macho yamefungwa.

Gereji yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha mabati, sakafu imekuwa nyeusi kwa oili. Mbele kulikuwa na mwanga, kelele na watu. Nyuma kabisa, pembeni, kulikuwa na pikipiki moja iliyofunikwa turubai. Hiyo ilikuwa ya baba mdogo. Baba mdogo alifia barabarani Sisimizi akiwa na miaka saba, na tangu hapo hakuna aliyeiwasha, hakuna aliyeiuza, hakuna hata aliyeisogeza. Kila asubuhi Fundi, yaani baba yake Sisimizi, akishafungua mlango alikwenda kwanza kule nyuma, akaligonga tangi mara mbili kwa ngumi, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Ndipo aanze kazi. Ukimuuliza kwa nini, anakohoa tu.

Sisimizi hakuipenda kona ile. Jua likichoma mabati, chuma kilichokuwa chini ya turubai kililia tik, tik, peke yake. Alijiambia ni joto. Ni joto tu, nini kingine?

Sasa, gereji hiyo ilikuwa na sheria moja ambayo mtaani huikuti kwingine. Nati ikishakazwa mpaka mwisho, inawekwa nukta ya rangi nyeupe, na anayeiweka ni yule yule aliyekaza. Mtu mwingine haruhusiwi.

"Nukta ni kiapo," Fundi alizoea kusema. "Nikiiona, sikuulizi tena, na wala siigusi tena."

Jumatano moja alasiri akaja Mama Chanjo. Huyo alikuwa muuguzi, na kila Alhamisi alipanda vijiji vya mlimani kuchanja watoto, sanduku la baridi limefungwa nyuma ya siti. Alikuwa mama mwenye mwili hasa, kifua mbele, na kicheko chake kilimtangulia kona mbili.

"Fundi, hii pikipiki imenishinda!" alisema hata kabla hajashuka. "Kila nikipita kwenye shimo, kunagonga huko nyuma, gwa! Mgongo wangu sasa unajua mashimo yote kwa majina."

"Shikamoo, Mama Chanjo," akasema Sisimizi.

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Mbona huongezeki? Njoo nikugawie kidogo, mimi ninayo ya ziada."

Fundi alicheka, lakini mkononi tayari alikuwa na futi ya kupimia. Alichora alama ya chaki kwenye madigadi, akapima toka katikati ya gurudumu la nyuma hadi pale kwenye alama. Kisha akamwomba Mama Chanjo akae, sanduku likiwa mahali pake, miguu juu. Akapima tena.

"Unaona?" akamwambia Sisimizi. "Shokapu hizi zina sentimita nane za kucheza. Mama akikaa tu, saba zimeshaliwa. Imebaki moja. Akikuta shimo, hiyo moja inakwisha na chuma kinagonga chuma."

"Si ukaze ile ringi ya springi?" Sisimizi akauliza.

"Imeshafika mwisho, itazame. Hapa dawa ni kubadilisha shokapu zote mbili. Tunataka zenye springi ya waya mnene, urefu ule ule. Mtu akikaa, zizame sentimita mbili na nusu, tatu hivi, basi."

"Kwa hiyo kosa si langu," akadakia Mama Chanjo.

"Kosa ni la aliyetengeneza springi akidhani wauguzi wote ni wembamba."

Kwa bahati shokapu nzito zilikuwepo dukani hapo jirani. Zilipoletwa, Fundi akaingiza pikipiki kwenye stendi kubwa, akafungua zile kuukuu, halafu akafanya jambo ambalo Sisimizi alikuwa akiliota tangu darasa la tatu. Alimkabidhi kazi.

"Hii utafunga wewe. Nati nne. Mbili juu, mbili chini. Mimi niko hapa nje naongea na Mama."

Mlangoni alikuwepo Redio, mvulana wa darasani kwake, ambaye hilo jina alilipata kwa kutozima mdomo. Alikuwa ameleta baiskeli ijazwe upepo. "Huyo afunge shokapu?" akacheka. "Huyo kazi yake kuosha bolti!"

Sisimizi alipachika shokapu ya kushoto, akaweka washa, kile kipete bapa cha chuma, akakaza nati ya juu, akakaza ya chini, mpaka spana ikagoma. Akahamia kulia. Ya juu akaikaza. Ya nne, ile ya chini kulia, ilikuwa imejificha nyuma ya ekzosi, lile bomba la moshi, na spana ya kawaida haikupata nafasi ya kuzunguka. Ilitaka soketi yenye mkono mrefu, na soketi ilikuwa imeazimwa na fundi wa kuchomelea, nyumba ya tatu. Akaizungusha ile nati kwa vidole mpaka ikagusa washa.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa dogo kweli kweli. Alifungua kopo la rangi, akachovya brashi, akaweka nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Brashi bado ilikuwa imelowa. Rangi ile ilikuwa inakauka upesi, na kifuniko cha kopo kilikuwa kigumu kama roho ya mchoyo. Akajisemea, nifunge halafu nifungue tena kwa nukta moja? Si nafuata soketi sasa hivi? Akaiweka na ya nne.

Akakimbia kufuata soketi.

Aliporudi anahema, soketi mkononi, alikuta pikipiki imeshashushwa kwenye stendi. Mama Chanjo alikuwa juu ya siti anadunda huku anacheka, na Fundi amepiga magoti na futi yake.

"Tatu kamili!" Fundi akasema. "Sentimita tatu! Haigongi ng'o!"

"Jamani, nimekuwa mwepesi!" Mama Chanjo akapiga makofi. Watu wawili watatu waliokuwa pale nje nao wakapiga makofi. Fundi aliinama, akaziangalia nukta, moja, mbili, tatu, nne, akasimama akamshika Sisimizi bega.

"Mwoneni fundi wa leo," akasema. "Sijagusa hata nati moja."

Redio mwenyewe, pamoja na mdomo wake wote, alinyamaza.

Sisimizi alifungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu, bado, herufi nne. Likafika kwenye ulimi, likakaa. Akajiambia, akishuka nitaikaza haraka haraka, hakuna atakayejua. Lakini Mama Chanjo hakushuka. Aliaga, akawasha, akaingia barabarani, na nukta nne nyeupe zikaenda zikipungua, zikipungua, mpaka kona ikazimeza.

Sisimizi akaitundika soketi kwenye msumari wake. Kule nyuma, chini ya turubai, chuma kikalia. Tik.

Safari hii hakujiambia ni joto.

Jioni ile Sisimizi alikigeuzageuza tu chakula sahanini. Bibi akaweka kikombe chini, tak, na Sisimizi akashtuka mpaka mchuzi ukamwagika.

"Una nini wewe? Umemeza spana?" bibi akauliza.

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba hewa?"

Fundi alikuwa na furaha ambayo hawakuizoea. Alimsimulia bibi kazi yote, nati kwa nati, na kila alipotaja nati Sisimizi aliiona ile ya nne, imekaa gizani nyuma ya ekzosi, inajizungusha polepole yenyewe. Alitaka kusema. Lakini ungesemaje, baba ameshakusifu hadharani, bibi anakuangalia macho yanang'aa? Akajidanganya kidogo. Labda nilikaza. Labda vidole vyangu vina nguvu. Na uongo una hili, ukishajiambia wewe mwenyewe, nao unaanza kukujibu. *Labda*, ukamjibu. *Na labda hapana.*

Asubuhi alipita gereji akielekea shule. Ndani, Fundi alikuwa kwenye kona. Ko, ko. Safari hii hakuondoka upesi. Alibaki ameegemeza kiganja kwenye lile turubai, kichwa chini, midomo inatembea bila sauti. Sisimizi aliuona mgongo wa baba yake, akaona umezeeka kuliko uso wake. Neno likarudi tena kwenye ulimi. Akageuka, akaenda shule.

Darasani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwalimu wa hesabu alikuwa anaandika ubaoni, na kila nukta ya desimali aliigonga kwa chaki, ko. Ko. Dirisha lililegea, upepo ukawa unalichezesha, ko. Sisimizi aliangalia ubao akaona nukta nyeupe tu, zimepangana, zinamtazama. Saa tatu sasa. Mama Chanjo ameshavuka daraja. Saa tatu na robo. Sasa anaanza mlima.

"Una homa?" Redio akamnong'oneza. "Unatetemeka, we."

Sisimizi akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake na darasa zima likageuka.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Kuna mtu anaweza kufa kwa kosa langu."

Mwalimu alifungua mdomo amkemee, akamtazama usoni, akaufunga. "Nenda," akasema. "Kimbia."

Alikimbia. Alifika gereji viatu vimejaa vumbi, akamkuta Fundi anasafisha kabureta. Hakusalimia. Alisema yote kwa pumzi moja: soketi, brashi iliyolowa, makofi, nati ya nne.

Alisubiri kofi. Alisubiri kelele. Baba yake hakufanya hata kimoja. Uso wake ulipauka ukawa kama wa mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyeonekana. Akaweka kabureta chini, akaichukua soketi msumarini, akatia mfukoni nati mbili mpya na washa.

"Panda," akasema.

Barabara ya mlimani ilikuwa ya changarawe, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili korongo. Sisimizi alimshikilia baba yake kiunoni, macho yake yakitafuta chini ile nati yenye nukta. Kila kitu cheupe barabarani kilimkata pumzi. Walimpita mama mmoja aliyebeba kuni, Fundi akapunguza mwendo.

"Umemwona Mama Chanjo?"

"Amepita kitambo! Pikipiki yake nyuma inacheza kama mkia wa mbwa. Nimempigia kelele, hakusikia!"

Fundi akaongeza moto. Halafu akaanza kuongea akitazama mbele, bila kugeuka, na upepo ukamletea Sisimizi maneno vipande vipande.

"Baba yako mdogo aliniuliza, 'Kaka, umekaza?' Gurudumu la nyuma. Nilikuwa na wateja wanne wananisubiri. Nikamwambia, nimekaza." Akakata kona moja. "Sikuwa nimekaza. Nilijua. Nikasema, akirudi nitakaza."

Sisimizi alihisi mbavu za baba yake zinapanda na kushuka chini ya mikono yake.

"Ndiyo maana nikaanzisha ile rangi. Nilidhani rangi itanilinda nisiseme uongo tena. Bibi yako peke yake ndiye anayejua. Na sasa wewe."

Sisimizi akaegemeza shavu kwenye ule mgongo, akabaki hivyo.

Kwenye kona ya tano waliiona. Pikipiki ilikuwa imelala ubavuni, hatua tatu toka kwenye korongo, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Shokapu ya kulia ilikuwa imechomoka chini, inaning'inia. Hakuna mtu. Sanduku la baridi halikuwepo. Kulikuwa na ukimya wa namna ambayo hata mbu ungemsikia. Fundi alishuka lakini hakusogea, miguu imegoma kabisa, na Sisimizi akaelewa kwamba baba yake hayupo pale, yuko kwenye barabara nyingine, mwaka mwingine.

Basi akaenda yeye. Hatua moja, ya pili, mpaka ukingoni. Akachungulia.

"Mnatafuta maiti?" sauti ikatoka nyuma yake. "Maiti iko kivulini, na ina kiu."

Mama Chanjo alikuwa ameketi upande wa ukutani, nyuma ya jiwe kubwa, sanduku amelipakata kama mtoto. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu na gauni limechanika begani.

"Nilisikia inagonga, nikapunguza mwendo," akasema. "Ningekuwa kwenye mwendo wangu wa kila siku, mngenikuta huko chini. Fundi, mbona umekauka hivyo? Ni mimi, si mzimu."

Fundi alikaa chini, palepale barabarani, akafunika uso.

Sisimizi alijua ni zamu yake, na kwamba safari hii baba hatamsemea. Akasogea mpaka mbele ya Mama Chanjo, akaanza kusimulia. Aliposema nukta aliiweka kabla ya kukaza, Mama Chanjo alikunja uso. Aliposema alirudi na soketi akakuta watu wanapiga makofi, uso ukakunjuka, ukabaki mtupu.

"Kwa hiyo ulijua nikiwa bado nimekaa kwenye siti."

"Ndiyo."

"Na ukanitazama nikiondoka. Nilikupungia mkono, mwanangu. Na wewe ukanipungia."

Sisimizi alishindwa hata kulia. "Ndiyo," akasema.

Mama Chanjo aliangalia damu kwenye kiwiko chake kama vile ni ya mgonjwa mwingine.

"Humu ndani kuna chanjo za watoto thelathini na sita," akasema hatimaye, akiligonga sanduku kwa kidole. "Mama zao wametembea tangu alfajiri. Nimekasirika, sikufichi. Nitakasirika mpaka kesho kutwa. Lakini kukasirika hakufungi shokapu. Haya, nifunge hiki kiwiko, halafu ukafunge hicho chuma."

Sisimizi alimwosha jeraha, akamfunga bandeji kama alivyoelekezwa. Kisha wakaisimamisha pikipiki wote watatu. Fundi alirudisha shokapu kwenye bolti, akaangalia meno ya bolti kwa kidole, yalikuwa mazima. Akatoa soketi mfukoni. Aliishika kidogo, kisha akamnyooshea binti yake.

"Mimi?" Sisimizi akashangaa.

"Nani mwingine? Nikikunyang'anya leo, utaogopa vyuma maisha yako yote. Najua ninachosema."

Aliweka washa, akaweka nati mpya, akakaza mpaka mkono mrefu wa soketi ukakataa, na mikono yake ikakataa, na meno yake yakauma. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Chanjo akakaa kwenye siti, ikazama kidogo, ikasimama imara.

"Huyu nitampakia nyuma yangu mpaka kijijini," akamwambia Fundi. "Ashike sanduku. Aliyekaza apande kwenye alichokaza. Ndipo nitalala usingizi."

"Ni haki," Fundi akasema. Akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na ya binti yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa ya kufokea mtu. "Sikiliza. Kusahau si dhambi. Mafundi wote tunasahau. Lakini kuna mtu anasahau, na kuna mtu anakumbuka halafu ananyamaza, na huyo wa pili ndiye anayeua. Mimi ninamjua. Nimeishi naye miaka mitano, nakula naye, naamka naye. Wewe umenyamaza siku moja, ukasema. Uliponiambia asubuhi ulinitia hofu, lakini nilikushukuru moyoni, kwa sababu mimi sikupata ujasiri huo. Sifa ya watu inapita. Aibu nayo inapita, ya dakika moja tu. Ulichonyamazia hakipiti. Kwa hiyo watu wakikupigia makofi na kazi haijaisha, waambie bado. Wacheke, wazomee, waambie bado."

"Nimesikia, baba."

Mama Chanjo akapiga kiki, injini ikanguruma. Sisimizi alipanda nyuma, akapakata sanduku. Mbele yao mlima ulikuwa mrefu na korongo lilikuwa palepale.

"Tayari, fundi?" Mama Chanjo akauliza.

Sisimizi aliinama akaiangalia shokapu ya kushoto. Kisha akamkabidhi baba yake sanduku, akashuka.

"Bado," akasema. "Zile tatu nyingine sijazigusa tangu ianguke."

Mama Chanjo akazima injini, akasubiri.